Wiki ya 33, tumbo linakaza na kuachia nikiwa kazini. Nisuke ama niende hospitali?

MsusiWaUmoja

Hamjambo akina mama. Naomba msaada, hasa kwenu mliopitia haya.

Mimi ni msusi, nina kibanda cha saluni hapa Umoja, Nairobi. Hii ni mimba yangu ya kwanza, na kitabu cha kliniki kinasema niko wiki ya 33. Siku hizi tumbo linakaza. Si maumivu ya kulia, ni kukaza tu. Linapanda lote, linakuwa gumu, siwezi hata kuinama kuokota kitana. Nashika kiti cha mteja nasubiri, halafu linaachia lenyewe. Mteja hata hajui kumetokea nini.

Jana ndiyo iliyonitoa jasho. Nilikuwa na mteja wa rasta zile nyembamba za kufika kiunoni, kazi ya kutwa. Nilianza asubuhi, na kufikia saa nane mchana nilikuwa sijakaa chini wala sijanywa kitu ila chai. Choo chetu kiko nyuma ya ploti, ufunguo huwa kwa mama wa duka, na yeye alikuwa ameenda soko la Muthurwa kuleta mzigo, kwa hivyo nilibana tu. Alasiri likaanza. Linakaza, nasimamisha mkono, linaachia, naendelea. Simu sikutaka kuishika na mikono ya jeli, nikaamua kuhesabu kwa rasta: likishaachia, nitasuka ngapi kabla halijakaza tena? Kwanza zilikuwa nne. Kisha kumi na kitu. Kisha mbili tu, hapo nikaogopa. Kisha nikamaliza kisogo chote sijasikia lolote, mpaka mteja akaniuliza hesabu gani hiyo naifanya kwa sauti, kwani namlipisha kwa rasta?

Kuna na maumivu mengine, sijui kama ni kitu kimoja. Nikiinuka haraka kutoka kwa stuli, au nikipiga chafya, kuna kitu kinanidunga huku chini kwenye kinena, zaidi upande wa kulia. Kinadunga, kinapotea.

Kliniki nilienda, wapi sisemi. Nilimwambia aliyenihudumia kwamba tumbo linakaza. Akasema "ni kawaida mama" bila kuinua macho kwenye daftari. Labda ni kawaida kweli, lakini hakunishika tumbo, hakuniuliza linakaza mara ngapi. Nilitoka na vidonge vya kuongeza damu na swali langu lile lile.

Mama mkwe kule Kitale anasema mtoto anataka kutoka, nisitoke nyumbani. Shoga yangu wa saluni anasema ni gesi. Mume wangu ni fundi wa stima, wiki hii ana kazi Athi River, anaingia usiku. Mtoto anacheza vizuri, damu hakuna, maji hakuna.

Tafadhali msinitishe. Ama nitisheni kama ni lazima.

MamaTatu_Kariobangi

Pole dadangu, na hongera kwa mimba. Mimi mikazo hiyo nimekuwa nayo kwa wote watatu, na huyu wa mwisho ilianza mapema zaidi, hata sijanunua nguo za mtoto. Kwangu dawa ilikuwa choo. Nikienda haja ndogo, nikinywa maji vikombe viwili na kulala ubavu wa kushoto, inaisha kabla sijamaliza kusikiliza habari za saa moja.

Lakini wacha nikuambie ya mimba ya pili. Tumbo lilikaza hivyo hivyo, nami nikajiambia haya nayajua, nimeshazaa. Mgongo chini unauma kidogo, nasema ni kufua. Mkojo unachoma kidogo, nasema ni jua na sinywi maji. Nilipoanza kutetemeka kwa homa usiku ndipo tukaenda. Ilikuwa maambukizi ya njia ya mkojo, yameshapanda kwenye figo, nikalazwa na kutundikiwa maji na dawa. Na tumbo lenyewe lilikuwa linakaza kwa sababu hiyo. Dawa ilipoanza kufanya kazi, mikazo ikakoma.

Kwa hivyo mkojo upimwe. Ni kikopo na kijiti tu, si jambo kubwa.

ShoshoWaGithurai

Msichana wangu, usiogope. Mimi nimezaa sita, wa kwanza Pumwani mwaka wa 1974, na wa mwisho nyumbani kwa sababu hakungoja gari. Haya ya kukaza ni tumbo linajizoeza. Zamani hatukuwa na jina, tulikuwa tunasema tu mtoto anageuka.

Ukitaka kujua kama ni uchungu wenyewe, kunywa mafuta ya mbarika vijiko viwili usiku. Kama ni uchungu, utafunguka. Kama si uchungu, utatulia, na tumbo litakuwa limesafika. Na upate mtu mwenye mkono mzuri akukande.

SistaMkunga_Buruburu

Nimesoma yote. Mimi ni mkunga, nimekaa wodi ya kujifungulia hapa Eastlands miaka mingi. Kwa maandishi sitakupima, lakini nitakwambia ninachokisikia katika maneno yako.

Nianze na rasta, maana umenipa hesabu nzuri kuliko akina mama wanaokuja na programu ya kuhesabu kwenye simu. Nne, kumi na kitu, mbili, halafu kisogo kizima kimya. Uchungu wa kweli hauruki hivyo. Ukishashika njia, nafasi inapungua, kila mkazo unakaa muda mrefu kuliko uliopita, na nguvu inapanda. Ungekuwa na uchungu ungesuka kumi, halafu nane, halafu sita, halafu tatu, na mteja wako angeenda nyumbani na nusu kichwa.

Mikazo ya mazoezi ilielezwa na daktari Mwingereza, John Braxton Hicks, mwaka wa 1872, na vitabu vyetu bado vinaiita kwa jina lake. Mfuko wa uzazi ni msuli, nao hukaza na kuachia muda mrefu kabla ya siku yenyewe. Wengi huanza kuihisi miezi mitatu ya mwisho. Mmoja unaweza kukaa chini ya nusu dakika, mwingine ukafika dakika mbili. Hauna ratiba, na ukibadilisha ulichokuwa unafanya, unaelekea kupotea. Yanayouamsha umeyaandika mwenyewe: umesimama kutwa, hujanywa maji, kibofu kimejaa na ufunguo uko Muthurwa. Mtoto akijigeuza kwa nguvu pia huuamsha. Tendo la ndoa pia, msione haya, mnaniuliza hilo kila siku kwa kunong'ona.

Jifunze kulishika tumbo lako. Weka kiganja juu kabisa, chini ya mbavu, ubonyeze kwa ncha za vidole. Mkazo wenyewe unafanya tumbo lote kuwa gumu, juu, chini na pande zote, kama unabonyeza paji la uso. Ikiwa upande mmoja umevimba na kuwa mgumu huku mwingine ni laini, huyo ni mtoto amesukuma mgongo au makalio hapo. Ukiweza kutofautisha hayo mawili, nusu ya wasiwasi wako imeisha.

Hicho kinachodunga kwenye kinena ukiinuka au ukipiga chafya, kwa maelezo yako, kinafanana na kuvutwa kwa kano. Mfuko wa uzazi umeshikiliwa na kano, moja kila upande, zinazoshuka mpaka kwenye kinena. Zimenyooka sana sasa, na ukifanya jambo la ghafla zinavutwa. Upande wa kulia ndio hulalamikiwa zaidi. Inuka polepole. Kabla ya kupiga chafya kunja mapaja kidogo kuelekea tumboni, utaona tofauti. Lakini maumivu ya upande wa kulia yanayokaa bila kuondoka, yanayozidi, au yenye homa na kutapika, hayo si kano. Kidole tumbo hakijui kwamba una mimba.

Sasa nifike mahali ambapo sikubaliani na huyo wa "ni kawaida mama". Inawezekana ni kawaida. Lakini uko wiki ya 33, na kabla ya wiki ya 37 kutimia sheria ni nyingine. Mwenye wiki 39, mimba ya kwanza isiyo na tatizo, tunamwambia akae nyumbani, aoge, ale, angoje mpaka mikazo ije kila dakika tano, kila mmoja ukae dakika moja, na iendelee hivyo saa nzima. Wewe hesabu hiyo si yako. Wewe ukipata mikazo minne au zaidi ndani ya saa moja, na umeshakojoa, umekunywa maji, umelala kwa ubavu wa kushoto na bado haitulii, unaenda hospitali hata kama haiumi. Vivyo hivyo ukihisi uzito unashuka kwenye nyonga kama mtoto anasukuma, au mgongo chini unauma kwa kuja na kuondoka, au ute wa ukeni umebadilika ukawa wa majimaji au una damu. Uchungu wa kabla ya wakati haupigi kelele. Nimepokea akina mama waliosema "nilidhani ni choo", na kichwa cha mtoto kiko hapo.

Sababu ya kukuharakisha ni hii. Ukifika mapema, kuna la kufanya. Tunakupima mkojo, presha na mlango wa kizazi, tunamsikiliza mtoto. Ikionekana kweli unaelekea kujifungua kabla ya wakati, kuanzia wiki ya 24 mpaka ya 34 kuna sindano anayopewa mama ya kukomaza mapafu ya mtoto, na dawa hiyo inataka siku moja mpaka mbili ifanye kazi yake sawasawa. Aliyefika amefunguka sentimita nane, siku hizo mbili nitazitoa wapi?

Kuna mambo ambayo hayangoji kuhesabiwa. Damu. Maji yanayotoka, hata kama ni ya kudondoka tu na huna hakika kama ni mkojo. Vaa pedi safi, tembea kidogo, uitazame na uinuse, kisha uje nayo. Tumbo lililokaza likakataa kuachia, likiuma mfululizo, hata kama hakuna damu unayoiona, maana kondo la nyuma linaweza kubanduka na damu ikabaki ndani. Kichwa kinachouma vikali na macho kuona vimulimuli, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, hasa ukiwa umevimba uso na mikono: hiyo wengi wanaiita kiungulia, kumbe ni presha ya mimba.

Na mtoto. Mjue mtoto wako. Ukiona amepunguza kucheza kuliko kawaida yake, lala ubavu wa kushoto, acha simu, umhesabu. Akikosa kucheza mara kumi ndani ya saa mbili, twende. Na kama moyo wako unakuambia hayuko sawa, hata hizo saa mbili usizingoje. Usidanganywe kwamba watoto hutulia wakikaribia kuzaliwa. Wanabadilisha namna ya kucheza, hawaachi kucheza.

Shosho, shikamoo. Wewe umezaa sita na ninakuheshimu, lakini mafuta ya mbarika naomba tuyaache. Yanaendesha tumbo, yanakausha maji mwilini, na mwili uliokauka ndio unaokaza zaidi. Kwa mwenye wiki 33 ni kuchokoza nyoka pangoni. Na kumkanda mjamzito tumbo kwa nguvu, hapana. Mgongo na miguu, sawa, kwa mkono mwepesi.

Vidonge vya maumivu vya kioski pia uviache. Parasitamoli kwa kipimo chake, sawa. Ibuprofeni na diklofenaki, hapana: miezi hii zinaweza kupunguza maji ya mtoto na kuziba mshipa wa karibu na moyo wake kabla ya wakati wake.

Leo usisuke. Kunywa maji, kojoa, lala kushoto, shika saa badala ya rasta. Andika saa kila mkazo unapoanza na unapoisha, halafu uniambie. Na uniambie kama unaenda choo kubwa vizuri, na kama unatafuna odowa, ule udongo wa kula.

ShoshoWaGithurai

Marahaba sista. Haya, mbarika nimeyarudisha kabatini. Lakini chai ya tangawizi je?

SistaMkunga_Buruburu

Chai ya tangawizi hata mimi nanywa, shosho. Kikombe, si sufuria.

MsusiWaUmoja

Sista, asante sana, na nyote. Nimefunga kibanda mapema, nimelala hapa ubavu wa kushoto na jagi la maji, nimeandika nyuma ya risiti ya stima.

Saa ya kwanza tumbo lilikaza mara tatu, moja refu, mbili fupi fupi hata sikuwahi kutazama saa vizuri. Baada ya kwenda choo mara ya pili likatulia. Saa iliyofuata limekaza mara moja tu, mtoto alikuwa anageuka, nikamwona kabisa akivuka kutoka kulia kwenda kushoto. Nimeweka mkono juu kama ulivyosema. Kumbe zingine za wiki hii ambazo nilikuwa nahesabu ni makalio ya mtu!

Sasa umejuaje odowa? Ndiyo, ninatafuna. Kuna mama anauza hapa karibu, ya kuchoma, ya shilingi kumi. Harufu yake mvua ikinyesha, siwezi kupita. Na choo kubwa ni shida, siku tatu sasa, na nikienda ni mawe. Mkojo hauchomi, ila naenda mara nyingi sana. Nilidhani ni mtoto amekalia kibofu.

SistaMkunga_Buruburu

Nimejua kwa sababu kila mwezi napokea mwenye tumbo la odowa akidhani ni uchungu. Vidonge vya damu vyenyewe vinafunga choo. Ukiongeza odowa, umetia saruji. Choo kikifunga, tumbo linanyonga chini, gesi inapanda, na mfuko wa uzazi ulio jirani unachokozeka. Na odowa na chai zinazuia damu uliyopewa kwa kidonge isiingie mwilini, kwa hivyo unameza bure. Usiache vidonge. Meza kwa maji, au na chungwa, chai ije saa moja au mbili baadaye. Papai, maharagwe, mboga za majani, na maji hasa. Hamu ya odowa mara nyingi ni damu imepungua, kwa hivyo uombe wakupime kiwango cha damu pia.

Saa zako za leo zinanipa moyo: mikazo imetulia kwa maji na kulala, haikufika minne. Usiku huu sikukimbizi. Lakini kesho asubuhi uende ukapimwe, kwa sababu tatu: mkojo wa mara kwa mara unaweza kuwa mtoto au unaweza kuwa maambukizi yasiyochoma, na kwa mjamzito hayo ni mengi tu, mlango wa kizazi hakuna aliyeutazama, na hujaniambia presha yako. Ukiingia usiseme "tumbo linauma". Sema: "Niko wiki ya 33, tumbo linakaza lote, juzi lilikaza mara nyingi bila mpangilio, naomba mnipime mkojo na mlango wa kizazi." Ukisema hivyo mwenye daftari atainua macho.

Na kama wanakurudisha nyumbani, rudi nyumbani ukicheka. Kurudishwa si aibu. Nina akina mama ambao wamerudishwa mpaka walinzi wanawajua kwa majina, na wote wamejifungua salama.

BabaWaPipeline

Naombeni nafasi kidogo, mimi ni mwanamume lakini nimeshapeleka mke usiku. Hamjasema habari za njia.

Dada, mumeo anaingia usiku, kwa hivyo panga kama hayupo. Ongea na mlinzi wa ploti leo. Kwetu geti linafungwa saa tano na ufunguo analala nao, na yeye ni mzito wa usingizi. Mke wangu alikuwa anakaza pale ngazini orofa ya nne, mimi napiga mlango wa mlinzi kwa kiatu. Pata namba ya dereva wa teksi anayelala mtaa huu huu, si wa programu atakayekughairi akiona ni mjamzito. Bodaboda usifikirie. Na ikinyesha, barabara ya Outer Ring unaijua.

Beba kadi ya kitambulisho, kitabu cha kliniki, na uhakikishe uko SHA, bima ya afya ya serikali, maana ile ya zamani, NHIF, ilikwisha 2024. Unajisajili kwa simu, *147#, lakini kusajili pekee hakutoshi, mchango uwe umelipwa. Mimi niligundulia pale dirishani saa nane usiku, si mahali pazuri pa kugundua kitu.

MamaTatu_Kariobangi

Huyu baba amesema kweli. Na mkoba uwe karibu na mlango, si juu ya kabati. Wiki 33 si mapema kuufunga.

MsusiWaUmoja

Nimerudi, niko nyumbani.

Nilienda asubuhi hospitali nyingine, si ile ya kwanza. Nilisema yale maneno ya sista kama yalivyo, nilikuwa nimeyakariri kwenye matatu. Yule daktari, kijana tu, aliweka kalamu chini. Akanishika tumbo, akaniambia kichwa cha mtoto kiko chini lakini bado hakijashuka kwenye nyonga. Mlango wa kizazi umefunga, ni mrefu. Presha 110 kwa 70. Moyo wa mtoto nimeusikia, unakimbia kama kawaida yao.

Mkojo ndio ulioonyesha kitu. Kile kijiti kiligeuka rangi pahali ambapo hakitakiwi kugeuka, wakasema kuna dalili za maambukizi. Wamechukua mwingine kwenda maabara kuotesha vijidudu, na wamenianzishia dawa huku tukingoja, dawa ambayo wamesema ni salama kwa mjamzito. MamaTatu, ulisema. Damu imepungua kidogo, 10.2, wameniambia niendelee na vidonge na niachane na odowa. Yule daktari alitaja odowa bila mimi kumwambia, nafikiri iko usoni.

Kuhusu kazi, nimekata rasta ndogo mpaka nijifungue. Nitachukua matuta na kuosha nywele tu, nimetafuta stuli ndefu ya baa nisukie nimekaa, na ufunguo wa choo nimechongesha wangu. Mama wa duka amenuna, atazoea. Mume amepiga simu, anasema SHA imelipwa, sasa anataka kujua dereva wa teksi ni nani na ana umri gani.

Mikazo bado ipo, jioni hasa. Lakini sasa ikija naweka mkono juu, natazama saa, nakunywa maji.

SistaMkunga_Buruburu

Vizuri sana. Dawa ya mkojo umalize yote, hata ukijisikia mzima siku ya pili, na baada ya kumaliza wapime mkojo tena. Majibu ya maabara uyafuate wewe, usingoje kupigiwa. Ukipata homa au maumivu ya mgongo juu ya kiuno usiku wowote kati ya sasa na hapo, usilale nayo.

MamaZawadi_Kayole

Samahani kuingilia mada ya mwenzangu. Sista, mimi niko wiki ya 38, mtoto wa pili. Wa kwanza nilifanyiwa upasuaji miaka mitatu iliyopita. Tangu saa kumi na moja leo jioni nakaza kila dakika kumi hivi, nimekunywa maji na kulala na haiishi. Sasa ningoje ifike kila dakika tano, saa nzima, kama ulivyosema?

SistaMkunga_Buruburu

Hapana mama. Hesabu ya dakika tano ni ya mimba ya kwanza isiyo na kovu. Wewe una mshono kwenye mfuko wa uzazi. Mikazo ikishashika mpangilio unaondoka, hungoji. Je, mshono unauma hata katikati ya mikazo, tumbo likiwa limeachia? Damu ipo? Mtoto anacheza? Nani yuko na wewe?

MamaZawadi_Kayole

Mtoto anacheza. Damu hakuna. Mshono unauma kidogo nikiugusa, sijui kama ni mimi naogopa. Niko na dadangu, anatafuta teksi.

SistaMkunga_Buruburu

Ondokeni sasa hivi, hospitali yenye chumba cha upasuaji, si zahanati ya karibu. Usile chochote njiani. Chukua kitabu cha kliniki na ile karatasi ya upasuaji wa kwanza kama unayo. Ukifika, kabla hata ya kuketi kwenye benchi, mwambie wa kwanza kukutana naye kwamba una kovu na una uchungu. Dadako aandike hapa mkifika.